Spana Mbili, Kivuli Kimoja

Shangazi alikuwa ndege. Bora niliseme hilo mapema, maana wageni waliofika kwenye makumbusho yetu ya Kilmory, wakawasikia wazee wakiulizana nani amemvua Shangazi nguo na kumwacha uchi kwenye baridi, walikuwa wakiwashika watoto wao mkono na kurudi kwenye gari.

Alikuwa ndege ya mazoezi ya jeshi, ya rangi ya manjano, mabawa mawili juu na mawili chini, viti viwili vilivyofuatana, mifupa ya mbao na ngozi ya kitani. Wakati wa vita kuu vijana waliletwa toka pande zote za dunia wajifunzie kuruka huku kwetu Manitoba, kwa kuwa nchi yetu ni tambarare, ukikosea huna cha kugonga isipokuwa ngano. Vita vilipokwisha Shangazi akauzwa kwa mkulima, mkulima akamtia ghalani, na siku wazee wetu walipokwenda kumchukua walikuta kuku ameatamia kwenye kiti cha mbele na hataki mazungumzo. Tangu siku hiyo walikuwa wakimtengeneza kila Jumanne na Alhamisi, kiangazi na theluji, miaka kumi na moja.

Aliyemshonea nguo ni Olga Hnatiuk. Umri wake miaka sabini na minne, magoti mabovu, hakuolewa wala hakuomba pole kwa hilo. Macho yake yalitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kwa macho hayo alikuwa na maringo asiyoyaficha. Mshono wake kwenye bawa ulikuwa umenyooka kiasi kwamba rubani mmoja mstaafu aliuangalia akavua kofia.

Fundi mkuu alikuwa Gordon Thorvaldson, miaka sabini na minane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye shamba la jirani. Huyu alitaka kuwa rubani tangu utotoni. Jeshi la anga lilimpima macho, likagundua kwamba kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja, likamwambia kashike spana. Akaishika miaka thelathini. Aliwakazia nati marubani wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia panda, tuzunguke kidogo.

Labda ndiyo maana alikuwa mkali hivyo kuhusu ubao wa vifaa. Kila kifaa kilikuwa na kivuli chake ukutani, umbo lake hasa limechorwa kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana kivuli kikukodolee macho. Kila kifaa cha makumbusho kilipakwa mstari wa kijani shingoni kisichanganyike na vya nyumbani. Ukichukua kifaa unatundika kibati chenye jina lako mahali pake. Saa nne asubuhi Gordon anapuliza filimbi, vyote vinarudi, anatazama, anatangaza, "Ubao umejaa!" Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kunywa kahawa. Usipojaa, jina la mwenye kibati linaingia kwenye daftari, naye anavaa kofia ya sufu ya waridi yenye kishungi mwezi mzima, popote aendapo, hata kanisani.

Delbert Friesen, mkulima mstaafu na mtu wa tatu katika kazi hii, alikuwa ameivaa mara tisa. Mkewe alishazoea kuifua pamoja na soksi zake.

"Kifaa kimoja kikibaki ndani ya ndege," Gordon alikuwa akisema, kidole juu, "kinaua mtu. Si kinaweza kuua. Kinaua."

"Tumesikia, mkuu," Delbert anajibu chini ya kofia.

Na kulikuwa na ahadi moja, waliyoiandika ukurasa wa kwanza wa daftari siku ile waliyomfukuza kuku: Shangazi akiruka mara ya kwanza, kiti cha mbele atakaa yule ambaye ukurasa wake ni safi. Miaka kumi na moja ikapita, na kurasa safi zikabaki mbili. Wa Gordon na wa Olga. Wakibaki sare, sarafu itaamua.

Olga hakuipenda hiyo sarafu. Alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na sababu yake ilikuwa ya zamani. Mama yake aliwafulia mashuka vijana wa kambi ya mafunzo, hapo hapo uwanjani, akayapiga pasi kwa mamia. Mwalimu mmoja wa marubani alimwahidi, "Mama, siku moja nitakupandisha juu uione nyumba yako." Mama akangoja. Vita vikaisha, kambi ikafungwa ndani ya wiki moja, mwalimu akaondoka bila kwaheri. Kilichobaki ni shuka moja lililosahaulika kwenye kamba, lina mhuri wa kambi pembeni. "Wamenilipa shuka," mama alikuwa akisema kila ndege ilipopita, na alikufa na miaka tisini na moja bila kutia mguu kwenye ndege yoyote.

Basi mwezi wa tatu, Alhamisi moja, Olga akaamua kuisaidia bahati. Gordon alikuwa ameweka spana yake ndogo kwenye benchi, amegeuka kumgombeza Delbert. Olga akapita, spana ikaingia mfuko wa aproni. Mpango ulikuwa mwepesi: filimbi ipigwe, kivuli kionekane kitupu, kibati kiseme Gordon, daftari liandikwe, halafu yeye "aiokote" chini ya kiti cha Gordon. Utani tu, alijiambia. Lakini utani gani huo, mtu anaufanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo? "Ee, Gordon, si hii hapa?" Alikuwa ameyasema hayo mara sita jana yake, akichagua sauti.

Kabla ya filimbi akaendelea na kazi. Siku hiyo walikuwa wakishona bawa la chini la kushoto, yeye upande huu na Delbert upande ule, wakipitishiana sindano ndefu ndani ya bawa, mwisho wa bawa ukiwa bado wazi. Olga aliinama juu ya ule uwazi, akakaza fundo, akauziba kwa mshono wa mwisho, akainuka.

Saa nne ikafika. Gordon akaushika mfuko wa suruali. Akaangalia benchi. Akaangalia chini ya benchi. Olga alimtazama kwa pembe ya jicho, moyo unamwenda mbio kwa furaha mbaya. Ndipo Gordon akafanya jambo ambalo Olga hakulifanyia mazoezi. Alitembea mpaka kwenye ubao, akauegemea kwa mgongo wake mrefu, mkono nyuma, akadondosha kibati chake mfukoni, akapuliza filimbi.

"Ubao umejaa!" alinguruma. "Kahawa!"

Olga nusura akae sakafuni. Gordon Thorvaldson! Amedanganya! Mzee wa kidole juu! Vizuri basi, alifikiri, nitakuumbua mbele ya kahawa yako. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni kuitoa spana.

Mkono ukatokea upande wa pili. Mshono wa mfuko ulikuwa umefumuka. Mwanamke anayeshona mabawa ya ndege, mfuko wake mwenyewe umemshinda.

Baada ya kahawa Gordon na Delbert wakalibeba bawa kulipeleka chumba cha rangi. Walipoliinamisha kupita mlangoni, kitu ndani kikasema: klo. Gordon masikio yake yalishachoshwa na injini za jeshi, Delbert alikuwa akiimba. Aliyesikia ni Olga peke yake.

Hapo angesema. Mimi na wewe tungesema, au tunapenda kuamini hivyo. Olga alifungua mdomo, akasema, "Gordon, nadhani mshono wa mwisho pale haukukaza."

Gordon akageuka. "Mshono wako? Haukukaza?"

"Pengine."

"Miaka kumi na moja, Olga, sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwako. Unaumwa?"

Delbert naye akachomekea, "Mpelekeni hospitali."

Maringo yakampanda Olga kichwani. "Umekaza," akasema. "Nilikuwa nakupima wewe."

Jumanne iliyofuata alifika mapema kuwasha birika, na jambo la kwanza aliloliona ni ubao. Umejaa. Kwenye kivuli cha spana ndogo ilining'inia spana ndogo, kuukuu, imesuguliwa vumbi ionekane ya kazini. Kazi safi sana. Isipokuwa mstari wa shingoni. Gordon alikuwa ameupaka nyumbani kwake, kwa kopo lolote alilolishika, na kati ya vifaa tisini na vitatu vilivyopaswa kuwa na mstari wa kijani, kimoja kilikuwa na mstari wa rangi ya damu ya mzee.

"Mungu wangu, mjinga huyu," alisema Olga kwa sauti.

Dakika kumi na Delbert angeingia. Delbert hana akili ya kuficha, angepiga kelele, Gordon angebanwa, spana halisi ingetafutwa, na ikitafutwa itapatikana wapi? Olga akafungua kopo la kijani, akachukua brashi ya kucha aliyokuwa nayo kwenye pochi, akaipaka ile spana ya uongo rangi ya kweli. Alikuwa amepuliza mara tatu tu ikauke mlango ulipofunguka.

Gordon aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye ubao kama mtu anayekwenda kuangalia mtoto mgonjwa. Akaishika spana yake. Akaitazama, macho yake hayakumwambia kitu. Lakini kidole gumba kilinata. Akakisugua kwenye suruali, akakinusa, na shingo yake ndefu ikageuka polepole.

"Nani amegusa ubao wangu?"

"Kahawa unaweka sukari ngapi leo?" akauliza Olga.

Tangu siku hiyo Gordon akawa mtu wa kutia huruma. Alijua kuna anayejua, hakujua ni nani. Alianza kumwita Delbert "rafiki yangu", jambo lililomtisha Delbert. Alimletea Olga pirogi, sambusa za kuchemsha, alizopika mwenyewe, ngumu, za kuvunjia dirisha. Na alipodhani haonekani alitafuta: chini ya makabati, kwenye mapipa, hata mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi aliumwaga kwenye gazeti akauchambua kwa vidole. Akatafuta kila mahali isipokuwa mahali ambapo angelazimika kupasua bawa lililokwisha kupakwa dawa ya kukaza kitambaa, rangi mara tatu na nambari za jeshi. Akajiambia ilitupwa na takataka. Olga naye, kila akipita, aliligonga bawa kwa kiganja. Kimya. Akajiambia ile klo ilikuwa ya mbao tu, mbao za zamani hulalamika. Watu wawili wazima, wenye akili, kila mmoja anajidanganya kwa bidii, na katikati yao ndege.

Mwezi wa tano mwishoni, Jumamosi ya jua na mbu wa kwanza, Kilmory nzima ilikuja uwanjani. Rubani alikuwa Lise Gaudry, mwanamke mfupi anayenyunyizia dawa mashamba yetu kwa ndege na kupita chini ya nyaya za umeme akitafuna bazoka. Delbert akarusha sarafu ya dola moja. Ikaanguka, ikazunguka, ikalala.

"Olga!" alipaza Delbert.

Watu wakapiga makofi. Gordon akatazama majani kidogo, kisha akaja akamfunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe. "Miguu usiitie kwenye zile pedali," alisema kwa upole. "Na ukiona juu kuzuri, njoo uniambie kukoje."

Hayo maneno yalimchoma Olga kuliko kama angetukanwa. Lakini alikuwa amekaa. Mbele yake kioo kidogo, mbele ya kioo anga lote. Mama, tumo, alisema moyoni.

Lise, kiti cha nyuma, akaanza kukagua. Akasukuma fimbo ya kuongozea kushoto, na fimbo ya Olga, iliyo katikati ya magoti yake, ikasogea kushoto nayo. Kulia. Kushoto tena.

Klo.

Safari hii haikuwa mbao. Olga aliisikia kwenye meno. Ndani ya bawa lile zilipita nyaya za kuilaza ndege na kuinyanyua, na mtu anayetafuna bazoka nyuma yake hakujua. Bado sekunde chache. Hakuna anayejua, Olga. Mzunguko mmoja tu. Mama yako alipiga pasi mashuka mangapi?

Gordon alikuwa mbele, mikono juu ya pangaboi, tayari kulizungusha.

"Tayari?" akaita Lise.

Gordon hakulizungusha. Alikuwa akimtazama Olga kwenye kiti kile.

"Simama!" alipiga kelele Gordon.

"Simama!" alipiga kelele Olga, wakati ule ule hasa.

Wakatazamana juu ya injini.

"Nina jambo la kusema," akasema Gordon.

"La kwangu kubwa zaidi."

"Huwezi kujua ukubwa wa la kwangu, Olga."

"Nalijua. Nililipaka rangi mwenyewe."

Gordon akakitazama kidole gumba chake.

Olga alijifungua mikanda, akashuka na magoti yake mabovu, akatoa mkasi kwenye pochi. Mbele ya watu sitini na mtangazaji wa redio ya mji akapiga magoti chini ya bawa, akakata mshono aliojivunia kuliko yote, akatia mkono mpaka begani. Ilimchukua dakika nzima. Alipoutoa, spana ilikuwa mkononi, mstari wa kijani shingoni.

"Niliiba," alisema. "Ili nikipate kiti. Ikaniangukia humo. Nimejua tangu mwezi wa tatu."

Lise alichuchumaa, akaangalia mahali ilipokuwa, akapima kwa kiganja toka hapo mpaka kwenye waya. Alitema bazoka yake kwenye karatasi. "Ningelala kushoto," alisema bila hasira, "nisingenyanyuka."

Delbert alikuwa amekimbilia bandani na kurudi na ile ya ubaoni. Aliziinua zote mbili. "Spana mbili, kivuli kimoja! Jamani, mke mkubwa ni yupi?"

"Ya mkono wako wa kulia ni yangu," akasema Gordon, sauti yake imekwisha kabisa. "Niliinunua mnadani. Nilidanganya kwa mgongo." Akamgeukia Olga. "Na uliipakia nini rangi? Niliipaka kijani."

"Uliipaka damu ya mzee, Gordon."

"Damu ya mzee?"

"Ilikuwa inang'aa."

Gordon alifikiri. Kisha mabega yake makavu yakaanza kutikisika, na mzee yule akacheka mpaka akashika bawa asianguke. Watu wakacheka naye. Olga hakucheka, alikuwa analia, lakini kulia kwenyewe kulikuwa kumekaribiana na kucheka.

Kiraka, dawa na rangi vilichukua wiki nzima. Kiti kilibaki bila mtu. Walimwambia Delbert kwamba yeye, mwenye makosa tisa yote yameandikwa, ndiye msafi kuliko wote. Delbert akasema ngazi yenyewe anapanda amefumba macho, wamwache aishi. Lise akasema safari ya kwanza anataka uzito wa mtu pale mbele, wampe hata mfuko wa mchanga.

"Mfuko nitashona mimi," akasema Olga.

Jumamosi ya pili aliuleta. Ulikuwa wa kitambaa cheupe cha zamani, umeoshwa, umepigwa pasi, na ubavuni ulikuwa na mhuri wa kambi uliofifia. Alikuwa amevaa kofia ya waridi aliyoifuma juma hilo, kwa sababu ile nyingine ilikuwa kichwani mwa Gordon. Gordon alisoma mhuri. Habari za lile shuka alikuwa amezisikia kwenye kahawa mara mia. Aliupakata mfuko kwa mikono miwili, akaukalisha kwenye kiti cha mbele, akaufunga mikanda taratibu kuliko alivyomfunga Olga. Kisha akageuka, kidole juu.

"Sindano?"

"Kumi na mbili ziliingia, kumi na mbili zimetoka."

"Zihesabu hapa."

Olga alimchukia kwa moyo wake wote, akazihesabu. Kumi na mbili. Gordon naye akazihesabu, moja moja, midomo ikicheza. Kisha akalishika pangaboi, akalizungusha, na Shangazi akakohoa, akapiga chafya, akanguruma.

Aliondoka kwenye majani kabla hawajawa tayari. Lise alimpandisha, akamlaza kushoto, akamnyanyua, akazunguka juu ya mashamba kuelekea mashariki, pale penye maghala ya nafaka ambapo zamani palikuwa na nyumba ya mbao na kamba ya kuanikia nguo. Wazee wawili wenye vishungi vya waridi walisimama begani kwa bega, shingo nyuma.

"Amepita juu ya kwenu," akasema Gordon.

"Nimeona."

Machozi yalimtiririka Olga na hakuyafuta. Alinyanyua mkono, akaupunga.

"Haya, Mama," alisema. "Si unaiona nyumba?"

"Unaongea na nani?" aliuliza Gordon, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri.

"Na mfuko wa mchanga," akasema Olga. "Nyamaza, nisikie anavyojibu."